Mfuko wa Vibanio

Jumanne jioni, Ferrol, mvua ile ile.
Chumba cha nyuma cha parokia kinanuka mishumaa na makoti yaliyolowa.
Sabela ameandika ubaoni:
somo la kwanza, mfuko wa vibanio vya nguo.
Kitambaa kimoja, kikunjwe katikati. Mishono miwili. Pindo moja.
"Hata mtoto anaweza," anasema,
na sisi watu wazima saba tunainamisha vichwa
kama waliosahau daftari nyumbani.

Mimi ni Amaro. Miaka thelathini na minne
nimechomelea chuma kule karakanani,
matumbo ya meli, mbavu za meli,
moto wa buluu nyuma ya kioo cheusi.
Mishono yangu ilipigwa picha kama mapafu ya mgonjwa
na haikukutwa na doa.
Basi nikajiambia: pamba itanishinda nini?

Pamba ilinishinda.
Tundu la sindano lilinikataa mara tano.
Nililowesha uzi kwa ulimi, nikaukata mshazari,
nikafumba jicho moja, nikatukana kwa Kigalisia,
kwa sauti ndogo, maana Bikira alikuwa pale ukutani.
Obdulia, aliyeuza samaki hadi magoti yalipomgomea,
akanipokonya bila neno,
akaupitisha mara moja, akanirudishia.

Nikakanyaga pedali kama breki ya lori.
Cherehani ikakimbia na kitambaa changu
kama mbwa aliyeiba soseji.
"Hakisukumwi," Sabela akasema. "Kishikilie tu.
Meno ya chini yanaijua njia."

Nikajifunza: kitambaa kina uso na kina mgongo.
Nyuso zitazamane ndani, migongo ibaki nje.
Pini zilale. Pasi kabla, pasi baada.
Mwanzoni na mwishoni rudi nyuma hatua tatu,
uzi ujifunge wenyewe.
Hilo nililijua. Hata chuma hukiagi ghafla;
ukikiaga ghafla unaacha shimo.

Nikashona upande mmoja. Nikashona wa pili.
Mkono ukanogewa, nikashona na juu.
Nikainua kazi yangu kwenye taa, kichwa kimevimba:
mfuko usio na mdomo,
umefungwa pande zote kama tangi la mafuta.

Kicheko kilianzia kwa Obdulia, kikazunguka meza.
Mimi nilicheka wa mwisho, lakini nilicheka.
Karakanani kosa lile lingekatwa kwa moto
na jina langu kuandikwa kwa wino mwekundu.
Hapa nilipewa kifumulio, na kiti karibu na dirisha.
Uzi mmoja. Tki. Halafu mwingine.
Vikabaki vitundu, mstari mzima.
"Ukifua vitaziba," akasema Sabela.
Sijapata kuona chuma kinachosamehe hivyo.

Usiku nilishuka stoo kutafuta kamba,
nikakuta ovaroli yangu ya mwisho kwenye msumari.
Nikaigeuza ndani nje, kwa tabia hii mpya.
Viraka.
Kifuani, kiwikoni, gotini, shingoni,
kila cheche iliyonilamba ina kiraka chake,
mishono midogo kama punje za ufuta,
na mwisho wa kila mmoja uzi umerudi nyuma.
Alfajiri zote zile niliivaa
nikidhani ni nguo tu iliyokataa kuchakaa.

Sikumwambia Dorinda kitu. Ningeanzia wapi?
Nilitundika mfuko kwenye kamba ya roshani,
umeinama kushoto, mdomo wazi safari hii.
Asubuhi mvua ilipokatika kwa nusu saa
alitoka na beseni la mashuka, akauona,
akaugeuza, akakagua ndani kwanza,
akapitisha ukucha juu ya mshono.
"Hapa umeruka," akasema,
akamimina vibanio vyote.

Jumanne ijayo ni foronya.
Sabela ameniambia mapema, mbele ya wote:
nayo ina mdomo.